Mkazo na Silabi katika Istilahi Ndefu za Kemia: Uhakiki kutoka Karagwe na Kyerwa

Kwa muda mrefu mjadala wetu juu ya istilahi za kemia umekuwa mjadala wa tahajia. Je, tuandike oksidi au oksaidi, hidrojeni au haidrojeni, nitrati au naitreti? Wanaotetea umbo la kwanza hutuambia kwamba istilahi ya sayansi ni mali ya dunia nzima, na kwamba yafaa ifanane na maandishi yake ya asili ili Mfaransa, Mjerumani na Mtanzania waitambue kwa macho. Wanaotetea umbo la pili hutujibu kwamba mwanafunzi wetu hukutana na neno hilo kwanza kwa sikio, kutoka kinywani mwa mwalimu aliyesomeshwa kwa Kiingereza, na kwa hiyo ni haki yake kuliona likiandikwa kama alivyolisikia. Pande zote mbili zimesema mengi ya maana. Hata hivyo lipo swali la tatu, jepesi kuliko hayo mawili, ambalo halijapewa nafasi yake: neno likishaandikwa, mtu asiyejua Kiingereza atalisomaje kwa sauti, na huyo anayemsikiliza atasikia nini?

Nililazimika kulitafakari swali hilo nikiwa Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili za mkoa wa Kagera ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja. Huko kaya moja huwa na migomba, miti ya buni, maharage na, kwa wenye uwezo, ng'ombe wachache. Maana yake ni kwamba dawa ya kupe, dawa ya wadudu wa kahawa na dawa ya magugu hukaa katika chumba kimoja, mara nyingi juu ya ubao mmoja. Lugha ya nyumbani ni Kinyambo. Lugha ya shule, ofisi na soko ni Kiswahili. Kiingereza kimebaki kuwa lugha ya chupa.

Katika kikao kimoja cha wakulima nilimsikia bwana shamba (siku hizi twapaswa kusema afisa ugani) akiwasomea wananchi orodha ya dawa na matumizi yake. Alisoma vizuri, bila haraka. Alipomaliza, mama mmoja mtu mzima alinyosha mkono akasema: "Mwanangu, hiyo ya kupe na hii ya kahawa, mbona umeziita jina moja?" Kijana akajibu kwa adabu, "La, mama, ni mbili," akayarudia majina yote mawili. Mama akatikisa kichwa. Kijana akayarudia tena. Nami niliyekaa nyuma, ambaye kazi yangu ni maneno, nilitambua kwamba mama yule hakukosea. Masikioni yalikuwa jina moja.

Majina yenyewe yalikuwa kloropirifosi na klorofenvinfosi. La kwanza ni dawa ya wadudu wa mimea. La pili ni dawa ya kupe, iliyotumika sana katika majosho ya Afrika Mashariki. Zote ni za jamii ya fosfati za kikaboni, na zote hushambulia mishipa ya fahamu ya mdudu na ya binadamu vilevile, lakini hazina kipimo kimoja wala matumizi mamoja. Mwingereza anapoyatamka majina hayo huweka mkazo wake mkuu katikati: katika la kwanza huukaza kwenye "pi", katika la pili kwenye "vin". Yaani sauti yake hupanda pale pale ambapo majina yanaachana. Sisi tulipoyachukua tuliyapa irabu mwishoni, kama desturi yetu ilivyo, na mara hiyo kanuni ya Kiswahili ikaushika mkazo na kuupeleka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kloropirifósi, klorofenvinfósi. Kilichokazwa sasa ni "fo", ambacho ni mali ya majina yote mawili, na silabi zinazotofautisha zimebaki katikati ya neno bila nguvu, zikipitiwa upesi kama mtu apitavyo tope.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu.

Mkazo wa Kiingereza ni mali ya neno. Mwanafunzi hujifunza kila neno pamoja na mahali pa mkazo wake, na neno likiongezwa kiambishi mkazo huweza kuhama: katika "acid" umo mwanzoni, katika "acidic" na "acidity" umesogea silabi moja mbele. Isitoshe, neno refu la kemia huwa na mkazo mkuu mmoja na mikazo midogo kadhaa, hivi kwamba msikilizaji husikia vilima na mabonde. Mkazo wa Kiswahili si mali ya neno bali ni mali ya mahali. Chukua shule, kisha shuleni; mkazo haukujali maana, umefuata tu hesabu kutoka mwisho. Tunayo maneno machache yenye kuvunja kanuni, kama lázima, na ile jozi ambayo kila mwalimu wa sarufi huitaja, barabára ya kupita na barábara ya kusema sawasawa. Lakini hayo ni wageni wachache katika nyumba kubwa. Neno la silabi saba, likiandikwa kama neno moja, litakuwa na kilele kimoja, nacho kitakuwa karibu na mkia.

Je, hilo ni jambo baya? Si kila mara, na hapa nataka kuwatetea wale walioanza kazi hii kabla yetu. Katika majina ya chumvi kanuni yetu imetupa faida ambayo Kiingereza hakina. Mwingereza hutamka "sulphide", "sulphite" na "sulphate" kwa kukaza silabi ya kwanza, ambayo ni ile ile katika maneno yote matatu, na kuiacha ile inayobeba tofauti ikidhoofika mwishoni. Sisi tukisema sulfídi, sulfíti na sulfáti, mkazo unakaa juu ya irabu inayopambanua. Nitríti na nitráti hali kadhalika. Mkulima anayenunua mbolea ya kalisi amonia nitrati, ambayo kila mtu huko huiita "kani", haoni umuhimu wa jambo hili, lakini mwalimu wa maabara anauona. Ni kweli kwamba sulfidi na sulfiti bado zimekaribiana mno, kwa kuwa zatofautiana kwa d na t tu, na katika redio yenye kukwaruza zitachanganyika. Lakini kasoro hiyo imo katika lugha zote.

Faida hiyo ni ya wale walioandika kwa kufuata herufi. Walioandika kwa kufuata sikio wameipoteza, na tena wameipoteza bila kujua, kwa sababu walidhani wanahifadhi matamshi. Tulitazame neno oksaidi. Aliyeliandika alikuwa akisikia katika akili yake silabi moja ya Kiingereza yenye irabu mbili zilizoungana. Kiswahili hakina kitu hicho. Kwetu a ni silabi na i ni silabi: ok-sa-i-di. Mkazo basi unaangukia kwenye i peke yake, oksa-í-di, kwa namna ile ile tunavyoliita jina la Saidi. Nimewasikia watoto wa shule ya msingi wakilisoma hivyo, na walikuwa wakisoma Kiswahili sahihi. Mwalimu aliyewasahihisha ndiye aliyekuwa akisoma Kiingereza kwa herufi za Kiswahili. Dayoksaidi ni tatizo lile lile lililorefushwa: da-yok-sa-i-di, silabi tano, ilhali dioksidi ina nne na inasomeka kwa namna moja tu. Glaifoseti na glifosati hutofautiana vivyo hivyo. Kwa hiyo anayetuambia kwamba umbo la sikio lamsaidia mwananchi atuonyeshe kwanza ni sikio la nani.

Ipo hatari kubwa zaidi, nayo ni pale mifumo miwili inapokutana katika rafu moja ya vitabu. Kemia hutofautisha jamii tatu za haidrokaboni kwa irabu moja ya mwisho. Kwa kufuata herufi tutaandika ethani, etheni na ethini, na mkazo, kwa bahati njema, utakuwa juu ya irabu hiyo hiyo. Sasa achukue mwandishi mwingine neno la kwanza kati ya hayo na aliandike kama anavyolisikia kwa Mwingereza. Atapata etheni. Na akiliandika la pili kama anavyolisikia, atapata ithini. Matokeo yake ni kwamba etheni ya kitabu kimoja ni gesi moja na etheni ya kitabu cha pili ni gesi nyingine, na hakuna mchapaji aliyekosea.

Msomaji aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya maabara na hayana uhusiano na Nkwenda wala Omurushaka. Yanao. Etheni ndiyo gesi inayoivisha ndizi. Mzee wa Kinyambo anayefukia mikungu shimoni na kuitia joto na moshi, ili apate ndizi za kukamua rubisi, anatumia kazi ya gesi hiyo, kwa maana ndizi zenyewe huitoa zinapoiva na moshi nao huwa nayo. Ethani haiivishi kitu. Mwalimu wa sayansi akitaka kuunganisha somo lake na shimo la ndizi la babu wa mwanafunzi, jambo ambalo sote twalihimiza, anahitaji neno lisiloyumba. Akikuta vitabu viwili vimeandika viwili, ataliacha somo na kurudi kwenye ubao.

Vyombo vyetu havikukaa kimya katika mambo haya. Baraza liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilivyofuata viliwapa watumishi wa serikali na walimu maneno mengi ambayo leo hakuna anayekumbuka kwamba yaliwahi kuwa mapya. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili nayo ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Aliyewahi kukaa katika kamati ya istilahi anajua jasho lililomo katika kitabu cha namna hiyo, na nisingependa makala haya yasomwe kama shutuma. Lakini kamusi zetu kwa desturi hazionyeshi mkazo wala mgawanyo wa silabi, kwa hoja kwamba kanuni inajulikana na haina haja ya kurudiwa. Kwa neno kama mlango hoja hiyo inatosha. Kwa neno kama diklorodifeniltrikloroethani haitoshi, maana hapo msomaji hajui hata aanze kuvuta pumzi wapi, na atafanya kama walivyofanya watu wa dunia nzima, atasema DDT.

Tumpe sasa nafasi msemaji wa Kinyambo, kwa sababu istilahi ya taifa husomwa kwa vinywa vya makabila yote. Kinyambo ni lugha ya toni, na ndani yake urefu wa irabu una kazi ya kutofautisha maana, kama ilivyo kwa jirani zake. Waganda, kwa mfano, hupambanua kusiba, yaani kufunga kwa kamba, na kusiiba, yaani kushinda mchana au kufunga saumu. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa msamiati wa lugha hii mwaka 2002, na sarufi yake ikafuata mwaka 2005, hivyo mwandishi wa istilahi hana tena udhuru wa kusema kwamba hapana pa kutazama. Msemaji wa lugha ya namna hiyo anapokutana na neno geni refu huligawa vipande na kumpa kila kipande urefu na mwinuko wake. Hafanyi kosa, anafanya kile ambacho sikio lake limezoezwa tangu utoto. Nilimsikia muuza duka akilitamka jina la dawa ya kupe kwa vipande vinne vilivyo wazi, kila kimoja na kilima chake kidogo, na lilieleweka kuliko lilivyotamkwa na bwana shamba aliyelisoma kwa kanuni ya vitabuni. Nitalirudia jambo hili.

Yapo pia yale ya konsonanti. Mfuatano wa konsonanti mbili hupasuliwa kwa irabu, na tri- huwa tiri-, kloro- huwa kiloro-. Hili la mwisho si la kuchekesha tu. Katika sentensi yenye vipimo, kama ile inayomwambia mtu achanganye gramu kadhaa katika lita kadhaa, silabi "kilo" ikichomoza katikati ya jina la dawa humfanya msikilizaji asimame na kuuliza kilo ngapi. Nimelishuhudia. Na tofauti ya l na r, ambayo Kiswahili huitegemea, ni dhaifu katika lugha nyingi za ukanda wa Ziwa, kwa hiyo istilahi mbili zisiachwe zitofautiane kwa herufi hizo peke yake.

Kabla ya kupendekeza dawa ya ugonjwa huu, nataka tuyakumbuke maneno ambayo hayaugui. Mrututu ni sulfati ya shaba, na neno hilo limo katika Kiswahili tangu zamani. Silabi nne, mkazo mahali pake, hakuna mtu anayelichanganya na kitu kingine. Shura, shabu, magadi, chokaa, zebaki: yote ni majina ya vitu vya kemia, na yote hutamkika. Sisemi kwamba mrututu uchukue nafasi ya sulfati ya shaba katika kitabu cha kidato cha tatu, kwa sababu jina la kitaalamu hueleza viungo na jina la sokoni halielezi. Lakini maelekezo ya kuchanganya mrututu na chokaa kwa ajili ya kunyunyizia mimea hayana sababu ya kuacha kutumia maneno hayo mawili ambayo babu zetu walikwisha kuyafanyia kazi.

Maneno yaliyoundwa upya kwa vipande vya Kibantu yamefanikiwa zaidi ya tunavyoyasifu. Kiuadúdu, kiuakúvu, kiuagúgu. Angalia mkazo ulipotua: kwenye dudu, kwenye kuvu, kwenye gugu, yaani juu ya yule adui hasa anayekusudiwa. Hakuna aliyepanga jambo hilo. Muundo wa lugha umelipanga wenyewe, kwa sababu Kiswahili huweka kitendo mbele na kinachotendwa nyuma, na mkazo hukaa nyuma. Hata neno viuatilifu, ambalo wengi walilinung'unikia lilipotoka, leo limo katika jina la mamlaka ya serikali iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020, na sijasikia mtumishi yeyote akilikosea. Kijijini bado husema dawa tu, au sumu, kulingana na wanavyoipenda siku hiyo.

Kwa upande wa madini hali ni tofauti kidogo, na nitapita upesi. Kyerwa ni nchi ya bati. Jiwe lenyewe ni kasiteriti, ambalo kwa kemia ni dioksidi ya bati. Kasiteriti ni neno jema, ka-si-te-ri-ti, halina utata wa kutamka. Taabu iko kwenye bati, kwa kuwa neno hilo ndilo linalotaja metali, na ndilo linalotaja vipande vya kuezekea nyumba, ambavyo ni chuma kilichopakwa zinki. Mtoto wa mchimbaji anayeambiwa kwamba baba yake anachimba bati na kwamba paa lao ni la bati ana haki ya kuhitimisha vibaya. Hilo, hata hivyo, ni tatizo la maana, na somo letu ni sauti.

Nimesema kwamba watu husema DDT. Wanapokosa hata kifupisho, husema jina la biashara, na huu ndio ushindani halisi ambao istilahi zetu zinaushindwa. Majina ya biashara hutungwa na watu wanaolipwa ili yawe mafupi: Dursban, Thiodan, Roundup. Yana silabi mbili au tatu na hukumbukwa na mtu aliyeyasikia mara moja. Mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera mwaka 2006, wananchi walifundishwa kuondoa ua dume, kung'oa mgomba mgonjwa, na kusafisha visu na mapanga kwa moto au kwa dawa ya madoa. Dawa hiyo ni hipokloriti ya sodiamu. Sijakutana na mkulima aliyeniambia hipokloriti. Wote wanasema jiki, kutokana na JIK ya dukani, na neno limekwisha kuwa la Kiswahili kama vile kiwi ilivyokuwa dawa ya viatu.

Kuna ubaya gani? Kwa jiki labda hakuna. Kwa viuatilifu ubaya upo. Jina la biashara halimwambii mtu kilichomo. Kitu kimoja huuzwa kwa majina mengi, na mtu aliyepulizia dawa ya jina moja Jumatatu aweza kupulizia ya jina jingine Ijumaa akidhani amebadilisha, kumbe amerudia ile ile. Tena dawa inapopigwa marufuku, marufuku huandikwa kwa jina la kemia. Endosulfani iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm mwaka 2011, na kloropirifosi ikaingizwa mwaka 2025 pamoja na misamaha ya matumizi fulani. Barua inayopeleka habari hizo wilayani itatafsiriwa na mtumishi fulani wa serikali, huenda ni msomaji wa jarida hili. Muuza duka wa Kayanga ataipokea, ataisoma kwa sauti kwa mwenzake, kisha atatazama rafuni. Kama jina alilolisoma na jina lililo kwenye kibandiko havisikiki kuwa kitu kimoja, barua hiyo haikufika. Na Murongo, mpakani, ambako chupa kutoka upande wa pili wa mto huja na Kiingereza kitupu, kazi hiyo ni ngumu maradufu.

Pendekezo langu ni dogo. Tuyaandike majina marefu ya kemia kwa kufuata herufi za asili na si sikio la Kiingereza, na tuyagawe kwa vistari katika viungo vyake, kila kiungo kikiwa na silabi mbili hadi nne na kikiishia kwa irabu. Kloro-piri-fosi. Kloro-feni-vini-fosi. Dikloro-difenili-trikloro-ethani. Kila kiungo kikisimama peke yake hupata mkazo wake kwa kanuni ile ile ya Kiswahili tuliyonayo: klóro-píri-fósi, klóro-féni-víni-fósi. Hatukuvunja sarufi, wala hatukuomba ruhusa ya kuingiza mkazo wa Kiingereza. Tumerudisha vilima na mabonde kwa njia ya kwetu, na kwa njia ambayo, kama nilivyosema, yule muuza duka Mnyambo alikuwa akiitumia tayari bila kufundishwa na mtu. Pale ambapo jina ni la viungo viwili vyenye uhusiano wa kumilikiana, "ya" yetu inafanya kazi hiyo vizuri kuliko kistari: sulfati ya shaba, kloridi ya sodiamu, oksikloridi ya shaba. Koparsalfeti, ambayo nimeiona imeandikwa kwa chokaa kwenye ukuta wa ghala, haina kiungo wala kichwa.

Najua pingamizi mbili. Ya kwanza hutoka kwa wanakemia, ambao husema kwamba kistari kina kazi yake katika majina ya kimfumo, hasa ya kutenganisha tarakimu na herufi. Ni kweli. Lakini majina ninayoyazungumzia ni yale ya kawaida ya dawa, yanayoandikwa kwenye vibandiko na barua. Jina la kimfumo lenye tarakimu na mabano halisomwi kwa sauti kikaoni hata huko Ulaya. Ya pili ni nzito zaidi: kwamba kistari hakitatofautisha majina ambayo tofauti yake ni ndogo mno tangu asili. Hapa sina budi kukubali kiasi. Sipermethrini, deltamethrini na permethrini zinashirikiana mkia mrefu, na Kiingereza chenyewe huweka mkazo wake kwenye "meth", mahali ambapo zote zafanana. Tukiandika sipe-methrini na delta-methrini tunapata nafuu, kwa kuwa síp na dél sasa zinasikika. Lakini permethrini haina kiungo cha mbele cha kutosha, nayo itabaki kusikika kama mkia wa dada zake. Kwa majina ya namna hiyo kibandiko chapaswa kutaja kwanza kazi ya dawa, kiuadudu cha mimea au dawa ya kupe, na jina lifuate.

Wapo watakaoniuliza kwa nini nihangaike na haya wakati kemia ya sekondari bado inafundishwa kwa Kiingereza. Tume ya Makweta ya mwaka 1982 ilipendekeza vinginevyo na pendekezo hilo halikutekelezwa, yaliyofuata twayajua. Lakini mama aliyenyosha mkono katika kikao kile hakuwa akisubiri sera ya lugha ya kufundishia. Dawa zote mbili zilikuwa nyumbani kwake.

Limebaki jambo moja la wachapaji. Chupa ndogo ina kibandiko chembamba, na jina refu lazima likatwe mwishoni mwa mstari. Nimeona vibandiko vilivyokata "kloropirif" juu na "osi" chini, na kingine kilichoiacha "di" peke yake ukingoni, hivi kwamba msomaji aliyeanza mstari wa pili alisoma dawa yenye klorini moja badala ya mbili. Kwa maneno mafupi twafuata silabi, na silabi funge zilizomo katika maneno ya mkopo zisipasuliwe: ok-si-di kama vile dak-ta-ri, sul-fa-ti kama vile lab-da. Kwa majina marefu mstari ukatwe kwenye kistari tu, kamwe si ndani ya kiungo, na viambishi vya hesabu, yaani di, tri na tetra, visitenganishwe na kile vinachokihesabu, hata kama itambidi mchapaji apunguze ukubwa wa herufi za jina la kampuni.